Bawaba ya Banda la Kuku

Wahenga waliposema kwamba mtafuta cha mvunguni sharti ainame, hawakutaja mvungu wa nini. Wengi wetu tulipofundishwa methali hii tulidhani ni mvungu wa kitanda, na kilichopotea ni kiatu. Kumbe mivungu ni mingi, na kuinama nako ni kwa namna mbili: kuna kuinama kwa mgongo na kuna kuinama kwa moyo. Mgongo hata ukiuma huinama. Moyo wa mtu anayejiona anajua ndio mgumu kama kisiki cha mpingo. Lyle Stordahl wa Lewistown, jimbo la Montana huko Marekani, alilipata somo hilo akiwa na umri wa miaka sitini na minane, amelala kifudifudi, kinyesi cha kuku kimemjaa ndevuni.

Lyle alikuwa mkusanyaji. Hakukusanya bunduki, kwa kuwa bunduki hata kipofu huijua akiipapasa. Yeye alikusanya vilengeo, yaani vile vijichuma vya kulengea shabaha vinavyokaa mgongoni mwa bunduki za kale za wenzo, zile zinazokokiwa kwa kusukuma chuma cha chini ya mkono mbele na kukirudisha. Alikuwa navyo mia tatu na ushei, vimelala juu ya kitambaa cha kijani katika kabati ambalo zamani lilikuwa la daktari wa meno. Vilikuwamo vya kukunjwa, vya ngazi, na vyenye ushanga wa pembe ya ndovu usiozidi punje ya mtama. Akikiona kimoja kutoka ng'ambo ya meza alikutajia fundi, mwaka, na bunduki iliyokistahili. Watu wakamwita Profesa. Mwanzoni lilikuwa jina la utani, lakini utani ukizoeleka husahaulika kuwa ni utani, na wa kwanza kusahau alikuwa mwenyewe.

Ndipo alipojipatia tabia. Ukimletea kitu, hakukishika. Alisimama wima kama mlingoti, vidole gumba mfukoni mwa kizibao, kofia yake pana ya rangi ya maziwa imenyooka, akakitazama kutoka juu na kutoa hukumu. Wakusanyaji wenzake walichakura mikebe na masanduku ya vikorokoro yaliyowekwa chini ya meza. Wengine walipiga magoti saa nzima. Yeye alipita katikati yao kama mkaguzi wa gwaride. "Jicho langu latosha," alipenda kusema.

Na bado, pamoja na droo zote hizo, alikuwa maskini wa kitu kimoja. Babu yake, Ansgar, aliacha bunduki aina ya Winchester ya mwaka 1886. Zamani za babu huyo palikuwa na fundi mmoja huko Fort Benton, Severin Halvorsrud, aliyewatengenezea vilengeo watu wenye macho dhaifu. Kilikuwa kijiti cha kukunjwa kinachosimama nyuma ya nyundo ya bunduki. Kichwani kilikuwa na duara, na ndani ya duara kiliingia kitufe chenye tundu dogo kama la sindano. Mtu aliyekuwa hatofautishi kulungu na kichaka akichungulia humo, alimwona kulungu na pembe zake akazihesabu. Fundi huyo alikuwa mwenye shoto, na meno ya skrubu aliyachonga kwa kuelekea kushoto, hata kitufe cha fundi mwingine hakikuweza kuingia. Katika majimbo matano vilijulikana kumi na vitatu tu vilivyobaki. Wakusanyaji walivitaja kwa sauti ya chini, kama wanaotaja jina la marehemu.

Cha babu Ansgar hakikuwamo katika hivyo kumi na vitatu. Shingoni mwa bunduki yalibaki matundu mawili matupu ya skrubu, la mbele nene na la nyuma jembamba. Kilichosalia ni kitufe tu. Lyle alipokuwa mtoto alimuuliza babu yake kijiti kiko wapi, na babu akajibu, "Alikichukua mtu mwema." Kisha akageuza uso. Hakusema zaidi mpaka alipozikwa.

Kitufe hicho Lyle alikiweka katika mfuko wa kizibao chake, na kwa miaka thelathini hakutoka nyumbani bila hicho. Alikuwa amekichungulia mara elfu, lakini tundu bila bunduki ni tundu tu. Alichokitamani ni kukaa nyuma ya bunduki ile, kuinua kijiti, na kuona walau mara moja kile alichokiona babu yake. Na muda ulikuwa haumsubiri. Msimu wa baridi uliopita daktari alimwambia kwamba macho yake yanafifia, na kwamba baada ya miaka miwili mitatu ushanga wa mbele ya mtutu utakuwa ukungu mtupu kwake. Lyle alimshukuru daktari, akaenda kukaa ndani ya pikapu yake, akalia. Hakumwambia mtu isipokuwa mkewe.

Mwezi wa Aprili wakusanyaji walikutana, kama kawaida yao, katika ukumbi wa uwanja wa maonyesho. Lyle alisimama nyuma ya meza yake, na jirani yake wa meza alikuwa Burl Cates, mtu mnene mcheshi ambaye mdomo wake haukuwa na kizuizi. Akaja mama mmoja aliyevaa buti zenye matope na sweta la kiume. Alikuwa Zora Bradvica, mfuga kondoo wa upande wa Judith Gap, mjane, umri wake sabini kasoro. Kwapani alikuwa na mkebe wa kahawa. Akaufungua, akatoa chuma kilichofungwa kwenye kitambaa, akakiweka mezani.

"Wewe ndiye Profesa?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi mimi nimetumwa na marehemu. Unakijua hiki?"

Lyle akakitazama kutoka juu. Aliona kibati kilichopakwa rangi ya kijani zamani za kale, kina matundu ya skrubu, na bapa lililokunjika juu yake, lenye tundu jingine kichwani. Rangi ilikuwa imejaa kila mahali.

"Bawaba, mama," akasema. "Bawaba ya dirisha. Au ya kabati, kama dirisha lenu lilikuwa dogo."

"Una hakika? Hata hujakishika."

"Mama yangu, bawaba haishikwi ndipo ijulikane."

"Profesa kasema!" akadakia Burl. "Mletee na kitasa, mama, atakwambia ni mlango gani!"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Zora hakucheka. Masikio yalimwiva kwa aibu, lakini sauti ilibaki pale pale. Akakifunga chuma chake, akakirudisha mkebeni, akasema, "Ahsante. Miaka themanini na kitu, kumbe bawaba." Akaenda zake. Kabla hajafika mlangoni, Lyle alikuwa ameshamsahau.

Zikapita wiki tatu. Mlango wa kabati la jikoni ukaanza kuning'inia, na mkewe Lyle, Mardell, akamwambia asubuhi kwamba kama hatautengeneza basi chakula cha mchana atakula na huo mlango. Lyle akachukua bisibisi, akaitoa bawaba, akaishika kiganjani kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na matundu manne. Yote yalikuwa sawa.

Akasimama kama aliyepigwa na radi.

"Nini tena?" akauliza Mardell.

"Matundu," akasema Lyle. "Ya bawaba huwa sawa."

"Ulitaka yawe ya umbo la moyo?"

"Mardell, yalikuwa hayalingani! La mbele nene, la nyuma jembamba! Nilikuwa nimeyaona, jicho liliyaona, lakini mdomo ulitangulia!" Akakaa kwenye kiti, bawaba mkononi. "Yule mama aliniletea. Aliniwekea mbele yangu pale mezani. Nikamwambia ni bawaba ya dirisha."

Mardell aliyajua machozi ya mumewe ndani ya pikapu. Akaja, akamwekea mkono begani.

"Umemwomba radhi?"

"Bado. Nitampigia Burl, Burl anafahamiana na watu wa kule. Aende akakiulizie polepole, kama mtu anayejipitia..."

"Burl!" Mardell akaondoa mkono. "Mzee, umemkosea mwanamke mbele ya watu, halafu umtume mtu mnene akamdanganye? Nenda mwenyewe. Na uende umevua hiyo kofia."

Lyle alienda mwenyewe, lakini kofia alivaa. Bunduki ya babu aliilaza kwenye kiti cha pembeni, imefungwa katika blanketi. Theluji ilikuwa ndiyo kwanza imeyeyuka na tope lilishika magurudumu kama ugali wa moto unavyoshika vidole. Njia nzima alitunga maneno ya kusema, na kila alilolitunga lilianza na "Bila shaka utaelewa kwamba mtaalamu..." Alipofika mbele ya nyumba ya Zora, nyumba ya mawe yaliyochongwa vizuri ajabu, maneno yote yakamtoka.

Zora alikuwa barazani akichambua sufu. Hakuinuka.

"Haa! Profesa mwenyewe. Umekuja kuniangalia madirisha?"

"Bi Zora, nimekuja... Siku ile, kwa kweli, mwanga wa ule ukumbi si mzuri..."

"Mwanga ulikuwa mzuri. Mimi nilikuona vizuri kabisa."

Upepo wa pale haupumziki, na ukampeperushia ukingo wa kofia. Akakumbuka neno la mkewe. Akaivua, akaishika kwa mikono miwili, kichwa chake cheupe kikabaki wazi.

"Nilikukosea, mama. Sikukitazama kitu chako. Nilikuwa najitazama mwenyewe. Watu walikucheka kwa sababu yangu, na mimi nilifurahi kuchekewa. Naomba unisamehe. Hata kama hutanikubalia hilo lililonileta, hili la msamaha naomba."

Zora akaacha sufu. Akasogeza kiti kingine kwa mguu.

"Kaa. Sasa sema kilichokuleta."

Lyle akamweleza yote: bunduki, babu, matundu mawili, kitufe. Alipofika kwenye "alikichukua mtu mwema," Zora akainua mkono kumsimamisha.

"Babu yako alikuwa Mnorwe? Mwenye koti la ngozi ya nyati?"

"Koti lipo hadi leo. Limeliwa na nondo."

"Mama Mtakatifu!" akasema Zora, akajipiga goti. "Ndiye! Sikiliza, bwana wee. Babu yangu Luka alikuwa mwashi. Haya mawe unayoyaona, na mawe ya nusu ya mji wenu, alichonga yeye. Vumbi la mawe lilimla macho. Akawa ana rafiki, Mnorwe mmoja, huwinda pamoja. Yule Mnorwe akavua chuma chake kwenye bunduki, akamwambia, chukua, katengenezewe kingine kama hiki nawe uone. Kitufe akabaki nacho kwa kuogopa kisipotee. Ikaja homa ya mwaka wa kumi na nane. Luka akafa kwa siku nne, na watoto wake wawili. Mnorwe hakuja tena."

"Aliona haya," akasema Lyle taratibu, kama anayesoma maandishi ya mbali. "Angeingiaje kwenye nyumba ya msiba kudai chuma?"

"Na bibi yangu aliona haya kwenda mjini kuulizia, hajui lugha ya watu, hajui jina la mtu. Akakipaka rangi kisishike kutu, akakiweka mkebeni. Akamwambia mama, mwenyewe atakuja. Mama akaniambia mimi, mwenyewe atakuja. Nikaona mimi sina mtoto wa kumwambia, acha nikipeleke kwenye mkutano wenu. Sikuja kuuza, Profesa. Nilikuja kurudisha."

Lyle alifunika uso kwa kofia yake. Watu wa nyumba hii walikilinda chuma kile vizazi vitatu. Yeye alikitafuta miaka thelathini. Kikaja chenyewe, kikawekwa chini ya pua yake, naye akakikosa kwa shubiri mbili tu za kuinamisha kichwa. Hata babu Ansgar, masikini, aliyeona haya kurudi kubisha hodi, alikosa hizo hizo.

"Kiko wapi sasa?" akauliza.

Hapo Zora akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kiko kazini! Wewe si ulisema ni bawaba? Nilirudi hapa nimekasirika, nikasema, loh, bibi yangu kafa akilinda bawaba! Basi nikaipa kazi ya bawaba. Ipo kwenye kifuniko cha sakafu ya banda la kuku, kile cha kutolea mavi. Upande wa chini."

"Wa chini?"

"Mvunguni, bwana. Mimi nilikifunga, wewe utakifungua. Bisibisi unayo? Na hiyo kofia iache hapa, haitapita."

Banda la kuku lilisimama juu ya nguzo fupi za mawe, nazo pia kazi ya Luka. Kati ya ardhi na sakafu palikuwa na nafasi ya kupita mbwa, tena mbwa asiyekula vizuri. Lyle akapiga goti lililo zima, kisha lile bovu. Akaweka viganja topeni. Akalala kifudifudi, akaanza kujivuta kwa viwiko, na kila alipojivuta, kuku juu yake walikimbia huku na huku wakimmwagia vumbi la miezi mingi.

"Vipi huko, Profesa?" Zora akauliza kutoka nje. "Jicho latosha?"

"Halitoshi, mama! Limeingia mavi!"

Akageuka chali. Na hapo, shubiri moja juu ya pua yake, akakiona. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukitazama kitu cha aina ile kutoka chini. Rangi ilikuwa imebanduka kwa kufunguliwa na kufungwa kwa kifuniko, na chuma kilichojitokeza kilikuwa cha rangi ya zabibu mbivu, rangi ambayo fundi hawezi kuighushi, maana huletwa na miaka peke yake. Akafungua skrubu ya kwanza, akafungua ya pili. Kijimsumari kilichopita kwenye tundu la kichwani akakivuta kwa vidole. Chuma kikamwangukia kifuani.

Akakigeuza. Tumbo lake, lililokuwa limelalia ubao, halikuwa na tone la rangi wala chembe ya kutu. Hapo palikuwa na mhuri mdogo wa kiganja cha mkono wa kushoto, alama ya Halvorsrud, vidole vyote vitano wazi. Chini ya kiganja kulikuwa na tarakimu tatu: nne, moja, saba. Tarakimu za mwisho za namba ya bunduki ya babu yake.

Lyle hakupiga kelele. Alilala pale mvunguni, kuku wakimtembelea juu ya kichwa, akakishika kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa ameviona vilengeo mia tatu na ushei, na leo alijiona kama hajawahi kuona hata kimoja. Mkono ule mdogo wa chuma ulikuwa kama unamsalimu.

"Umekufa?" akauliza Zora, sasa kwa wasiwasi.

"Ni chenyewe," Lyle akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mama, ni chenyewe."

Alitoka akiwa mwekundu kwa tope na mweupe kwa mavi, na Zora hakumcheka. Walikaa barazani. Lyle akatoa kitufe mfukoni, akakiweka kwenye duara la kijiti, akakizungusha kuelekea kushoto. Hakikuingia. Akajaribu tena, kikateleza. Akaogopa, kwa maana msumari ulikuwa umekaa katika tundu lile wiki tatu, na meno yake ni membamba kama nywele.

"Usilazimishe," akasema Zora. "Lete."

Akachukua fumba la sufu mbichi iliyokuwa miguuni pake, ile ambayo bado ina mafuta ya kondoo, akaisokota ikawa nyembamba kama utambi, akaipitisha tunduni mara nyingi, polepole. Sufu ilitoka nyeusi, kisha ya kahawia, kisha safi, na meno yakaanza kung'aa. "Babu alisema mafuta haya hulainisha hata mawe," akasema. "Haya, jaribu."

Lyle akakizungusha kushoto. Kikashika. Kikaingia mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, laini kama kilichokuwa kimetolewa jana, kikafika mwisho kikatulia. Tangu vuli ya mwaka 1918 vitu hivyo viwili vilikuwa havijagusana.

Akaileta bunduki. Skrubu mbili, moja nene na moja nyembamba, alikuwa nazo tayari, alizichongesha miaka ishirini iliyopita kwa matumaini tu. Akakifunga kijiti shingoni, akahakikisha mara mbili kwamba bunduki haina risasi, akaiegemeza kwenye ukuta wa baraza, mtutu ukielekea mlima mtupu. Akapiga magoti, kwa kuwa ukuta ni mfupi. Akakiinua kijiti. Akaweka jicho lake bovu.

Mwanzoni kulikuwa na giza lenye nukta ya mwanga. Kisha nukta ikafunguka. Ukungu uliokuwa umeanza kumkalia machoni ukaondoka, akauona ushanga wa mbele ya mtutu, mviringo kamili, na nyuma yake milima ya Judith yenye theluji kileleni, kila mkunjo, kila mstari wa misonobari. Aliona uzio wa mbali na nguzo zake zikihesabika. Aliona kondoo wa Zora mteremkoni, na pembeni mwa kondoo mmoja aliona mwanakondoo akinyonya, mkia ukitikisika. Ilikuwa dunia ile ile aliyokuwa akiiona akiwa na miaka kumi. Ndivyo alivyoona babu yake, kutoka tundu lile lile. Lyle alihema kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

"Njoo," akasema. "Njoo uone, Bi Zora. Luka hakuwahi kuona."

Zora akajifuta mikono kwenye sweta, akapiga magoti kando yake, magoti yake nayo yakalia. Akachungulia.

"Nawaona," akanong'ona hatimaye. "Nawaona mpaka masikio." Akaendelea kutazama, na machozi yakamdondoka juu ya ubao wa bunduki. "Babu wee, ungeona!"

Baadaye walikula mkate uliotiwa kokwa za jozi, na kahawa chungu. Lyle akamuuliza anataka nini kwa chuma kile, ataje chochote, hata kabati zima la daktari wa meno. Zora akasema kabati la nini, na meno yake anayo. Anachotaka ni viwili tu. Kwanza, bawaba ya kweli kwenye banda lake, kwa sababu kifuniko sasa kinaning'inia. Pili, kila masika, kondoo wakizaa, bunduki ile ije hapa barazani, apige magoti achungulie.

Bawaba ililetwa kesho yake, ya shaba, na aliyeingia mvunguni kuifunga alikuwa Lyle.

Aprili iliyofuata, wakusanyaji walipokutana, meza ya Profesa ilikuwa tupu. Watu wakashangaa. Burl akaja mbio, akaangalia huku na huku, akauliza kama amefilisika.

"Sijafilisika. Kipo," akasema Lyle.

"Kiko wapi? Watu wanasema umepata Halvorsrud ya kumi na nne! Nimetoka nyumbani sijanywa hata chai!"

"Kiko chini."

Chini ya meza, shubiri moja kutoka sakafuni, Lyle alikuwa amekilaza kilengeo juu ya kipande cha kioo, ili kiganja kile cha mkono wa kushoto kionekane. Mbele yake palikuwa na kadi ndogo iliyoandikwa kwa mkono: *Bawaba ya banda la kuku la Zora Bradvica, mjukuu wa Luka mwashi. Mimi niliitazama kutoka juu.*

Burl akakunja tumbo lake kwa taabu, akashika meza, akashuka goti moja baada ya jingine, akihema na kulalamika. Kisha wale waliosimama wakamsikia akinyamaza ghafla, jambo ambalo halijapata kutokea. Mmoja baada ya mwingine wakavua kofia zao, wakashuka sakafuni kutazama. Na mwenye meza hakuwaona, maana alikuwa upande wa pili amepiga magoti mbele ya mgeni aliyemletea kopo la misumari iliyopinda, akitoa msumari mmoja mmoja na kuugeuza kwa vidole vyake, kwa heshima, asije akapitwa tena. Alikuwa ameshajua, kwa tope la magoti yake mwenyewe, kwamba mtafuta cha mvunguni sharti ainame.